Binti wa Mkwezi wa Munje

Watu wa Munje walimjua Boga Suleiman kwa miguu yake. Nyayo zake zilikuwa pana na ngumu kama ubao, na vidole gumba vilikuwa vimejitenga na vingine hata kiatu kikawa hakimkai. Miaka thelathini ya kukwea minazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Aliwaangulia nazi wenye mashamba kuanzia Munje hadi Msambweni, na siku nyingine aliitwa na hoteli za Diani, ambako hakuangua kwa ajili ya mauzo. Huko kazi yake ilikuwa kuziondoa nazi mtini kabla hazijamdondokea mgeni aliyejilaza chini akiota jua.

Mkewe alifariki mapema, akamwachia watoto wawili: Swabir, na mdogo wake wa kike, Mwanarusi, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu. Dadake Boga, Mwanatumu, akahamia pale nyumbani akawalea kama wake. Swabir alikuwa mtoto wa barabarani, akipenda magurudumu na injini. Mwanarusi alikuwa mtoto wa babake. Kila Jumamosi alimfuata shambani, akazikusanya nazi zilizoanguliwa na kuzipanga chunguchungu, na alipofika miaka kumi akaanza kukwea mwenyewe, kanga ameifunga kiunoni, miguu ikitafuta vidato vilivyochongwa kwenye shina.

"Boga, huyu ni mtoto wa kike," Mwanatumu alilalamika. "Watu watasemaje?"

"Waseme. Mikono yake ina akili," Boga alijibu, na kumwelekezea binti yake uso uliojaa furaha. "Mwanangu, usiulize umefika wapi. Uliza mguu umekaa? Ukiwa umekaa, nyanyua wa pili."

Mwanarusi alikuwa na miaka kumi na minne babake alipoanguka. Ilikuwa asubuhi, katika hoteli moja ya Diani, kwenye mnazi ambao Boga alikuwa ameukwea mara nyingi asizoweza kuzikumbuka. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na shina lilikuwa na utelezi. Hakuna aliyemsukuma wala aliyemharakisha. Mguu mmoja uliteleza, basi. Alivunjika nyonga, akalala wiki saba hospitalini Msambweni, na alipotoka alitoka na mkongojo ambao hakuuacha tena.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Hakuutaja mnazi. Wenzake walipokuja kumjulia hali na kuanza habari za mashamba, aliwakatiza akaulizia mambo ya msikiti. Zaidi ya yote, hakutaka kumwona Mwanarusi akiacha ardhi. Siku moja alimkuta juu ya ngazi akirekebisha makuti ya paa la jikoni. Hakufoka. Alisimama chini akiegemea mkongojo, akasema, "Shuka, mama. Nakuomba shuka." Mwanarusi akashuka. Hakuwahi kumsikia babake akimwomba mtu.

Alipomaliza kidato cha nne aliingia chuo cha ufundi, akachagua umeme. Boga alifurahi, akiamini kuwa umeme ni kazi ya mtu aliyesimama chini. Na nguzo za umeme zilipofika mtaani kwao, ni Mwanarusi aliyetandaza waya nyumba nzima, chumba kwa chumba: taa nne, na soketi moja karibu na kitanda cha babake kwa ajili ya redio. Siku taa ya kwanza ilipowaka, Boga aliizima na kuiwasha mara kadhaa, kisha akatoka barazani na kumwambia kila aliyepita, "Aliyefunga ni huyu wangu. Fundi wangu mwenyewe."

Huko chuoni, mwalimu mmoja aliwaambia habari za upepo. Alisema kaskazini mwa nchi kumesimamishwa mitambo mirefu yenye mapanga matatu, safu baada ya safu, na umeme wake tayari umeingia kwenye nyaya zinazofika hadi Pwani. Tena kila mwaka kunasikika mahali pengine ambapo watu wanapima upepo ili wasimamishe mingine. Wanatafutwa mafundi, alisema, lakini wengi wanaoomba hurudi siku ya kwanza, kwa sababu mitambo yenyewe iko juu, na juu hufikiwa kwa ngazi.

Wanafunzi wenzake walicheka kwa woga. Mwanarusi hakucheka. Alihisi viganja vyake vikiwasha.

Alifanya kazi miaka miwili katika hoteli moja Diani, akitunza jenereta na kubadilisha taa za bustani, kabla ya kupeleka kimyakimya maombi yake ya kazi huko kaskazini. Jibu lilipokuja la kumkubali, alimwambia shangazi yake kwanza. Mwanatumu alikuwa akikuna nazi. Akaiweka mbuzi pembeni.

"Babako anajua?"

"Bado."

"Mwambie akiwa ameshakula," Mwanatumu alisema.

Alimwambia baada ya chakula cha mchana. Boga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kimo chake?"

Mwanarusi angeweza kudanganya. "Kama minazi mitatu, baba. Mmoja juu ya mwingine."

"Minazi mitatu." Boga alitikisa kichwa polepole. "Mimi mnazi mmoja umenifanya hivi. Wewe unaniaga uende kwenye mitatu."

"Huko kuna mikanda, baba. Kuna kamba za chuma. Mtu haachiwi apande hivihivi kama..."

"Kama mimi."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyotaka kusema." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomwumiza Mwanarusi zaidi. "Sikiliza. Sikukulea ili niketi hapa barazani nikisubiri watu waje waniambie umeanguka. Ukienda, nenda. Lakini usinipigie simu kunihadithia ulivyopanda. Sitaki kusikia. Sina kifua cha kusikia hayo."

Aliondoka Jumapili. Swabir, ambaye siku hizo alikuwa na tuktuk yake akibeba abiria kati ya Diani na Kona ya Musa, ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye basi. Mwanatumu alimfungashia vitumbua na chupa ya mafuta ya nazi. Boga hakutoka chumbani. Mwanarusi alisimama mlangoni akasema, "Baba, mimi naenda." Ndani redio ilikuwa ikisema peke yake.

Huko kaskazini aliipata nchi ya mawe na upepo usiochoka. Mitambo ilisimama hadi macho yanapoishia, myeupe, kila mmoja na nambari yake mlangoni. Ndani ya mnara mlikuwa na ngazi iliyonyooka gizani, na fundi alivaa mkanda wa kiunoni na mapajani, akajiambatisha na waya wa chuma, akapanda. Juu kabisa kulikuwa na chumba chenye jenereta, chembamba kama jiko la nyumbani kwao, kinachoyumba kidogo kidogo. Mara ya kwanza kufika, msimamizi wao Garama, mtu wa Kinango aliyefurahi kumpata mtu wa Kwale mwenzake, alimfungulia kifuniko cha paa, akamwambia achungulie. Mwanarusi akatoa kichwa. Upepo ulimpiga usoni, akatokwa na machozi. Pumzi ilipomrudia, jambo la kwanza alilofikiri ni namna atakavyomweleza babake. Kisha akakumbuka.

Kwa miezi kumi na minne alipiga simu nyumbani kila Ijumaa baada ya sala. Boga aliipokea, akasikia sauti ya binti yake, akaitika salamu, na bila neno zaidi akampa dada yake simu. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Shika, shangazi yako huyu." Ndiyo hayo tu, Ijumaa zote. Mwanatumu akamwambia habari za nyumbani, naye akamweleza shangazi habari za chakula, za joto la mchana, za Faith, mwenzake wa zamu kutoka Taveta, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani akikaza boliti. Ya kupanda hakuyasema. Alikuwa amekatazwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Upepo ulikuwa umepungua, na siku kama hizo ndizo za matengenezo. Mwanarusi na Faith walipanda saa mbili asubuhi. Kwa kanuni ya kazi simu zilibaki garini, ili kisije kikaponyoka kitu kikamwangukia mtu aliye chini au kikaingia kwenye mashine. Walikuwa na redio ya mkononi ya kuzungumza na kituo, basi. Kazi ilikuwa ya kubadilisha kifaa cha breki, ikakawia. Walishuka saa nane mchana, mikono imejaa grisi.

Alipoichukua simu aliona amepigiwa mara tatu. Mara zote jina lilikuwa moja: Baba. Saa tatu na dakika kumi, saa tatu na nusu, saa nne kasorobo.

Faith anasema mwenzake alicheka. Alicheka kwa sauti kama mtoto, akaishika simu kwa mikono miwili na kusema, "Amenipigia! Faith, baba yangu amenipigia!" Alipiga palepale. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ya tatu ilipokewa, lakini sauti ilikuwa ya Swabir.

"Dada," Swabir alisema. "Umekaa?"

"Nimesimama. Baba yuko wapi? Mpe simu."

"Kaa kwanza, dada."

Boga alikuwa amefariki kabla ya adhuhuri, kitandani mwake. Walimkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Angezikwa alasiri hiyohiyo, kama inavyopasa. Swabir alisema, na kwenye simu alikuwa akilia waziwazi, kwamba walitamani kumngoja, lakini wangemngoja siku ngapi?

Ilimchukua siku mbili na usiku mmoja kufika Munje. Alipovuka feri Likoni alikuwa hana tena machozi. Alikuta matanga yamekwisha, mikeka imekunjwa, jirani wawili wakiosha masufuria. Alijua kwamba hata angekuwepo, asingekwenda makaburini na wanaume. Lakini angeuona uso. Kabla ya jeneza kutolewa, wa nyumbani huitwa wamuage marehemu, na yeye angeinama akaweka mkono kwenye lile paji la uso. Hilo tu. Sasa alikuwa na udongo mbichi wa kuonyeshwa kwa mbali, na chumba kilichofagiliwa.

Kwa siku mbili hakuuliza. Aliogopa jibu. Saa tatu na dakika kumi, saa tatu na nusu, saa nne kasorobo: alizirudia saa hizo moyoni hata akawa hawezi kula. Aliamini babake alikuwa akikata roho, akimwita, na yeye yuko juu ya mtambo akikaza boliti. Siku ya tatu Mwanatumu alimkuta uani ameketi na mwiko mkononi, wali unaungua mbele yake. Akaliepua sufuria, akaketi naye.

"Sema," alisema.

"Alinipigia mara tatu, shangazi. Alikuwa anaumwa, sivyo? Alikuwa anataka msaada."

Mwanatumu alimtazama kwa mshangao. "Nani kakwambia? Hakuwa anaumwa. Mwanangu, babako asubuhi ile alikuwa mzima. Umeme ulikuwa umekwisha."

"Umeme?"

"Tokeni za kulipia umeme zilikwisha. Redio ikanyamaza, naye alikuwa akisikiliza mawaidha. Swabir akamtumia zile nambari kwenye simu, zile ndefu ndefu. Subira wa jirani alikuwa hapa, amekuja kuazima kinu. Akamwambia, 'Babu, nipe nikubonyezee kwenye mita.' Babako akakataa. Akamwambia, 'Ninaye fundi wangu. Ndiye aliyefunga, ndiye atakayenielekeza.' Akakutafuta."

Mwanarusi aliuweka mwiko chini.

"Kwa sababu ya tokeni."

"Kwa sababu ya tokeni," Mwanatumu alisema. Kisha akatikisa kichwa. "La. Hebu nisikudanganye wala usijidanganye. Nambari zile alikuwa akizibonyeza mwenyewe kila mwezi, anavaa miwani yake, anazisoma kwa sauti. Hakuwa akihitaji mtu. Alikuwa akitafuta neno la kuanzia."

Kuku walipita. Mahali fulani mtu alikuwa akitwanga.

"Ulipokosa kupokea mara ya tatu," Mwanatumu aliendelea, "nikamwambia, kaka, mtoto amekukasirikia, na anayo haki. Akaniambia, 'Hapana. Saa hizi yuko juu.' Nikamuuliza umejuaje? Akasema, 'Upepo ukilegea ndipo wanapopanda. Leo hata hapa kumetulia.' Sijui alilijua wapi hilo. Mimi hukuniambia. Labda kwenye redio, labda alimuuliza mtu. Akaniambia, 'Niache nimsubiri. Akishuka atanipigia.' Akazibonyeza nambari zake mwenyewe, taa ikawaka, redio ikaanza. Akaenda kujinyoosha, simu akaitia mfuko wa shati, hapa." Akajigusa kifuani. "Nilipokwenda kumwamsha kwa sala, ilikuwa bado pale."

Mwanarusi alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu feri. Mwanatumu hakumnyamazisha.

Alirudi kazini baada ya siku kumi. Swabir alimsihi abaki, akamwambia hoteli za Diani hazijaisha, atapata kazi ya chini. Mwanarusi alimwambia kuwa hajui kama ataweza kupanda tena, na kwamba ni lazima alijue hilo hukohuko kwenye ngazi. Alipopanda mara ya kwanza alikwama katikati. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Mikono ilishika ngazi ikakataa kuachia. Faith alikuwa chini yake akimngoja. Kisha Mwanarusi akajiuliza kama mguu wake umekaa. Ulikuwa umekaa. Akanyanyua wa pili.

Juma lilelile alimwendea Garama ofisini na ombi. Kanuni ya simu aliielewa, alisema, hataki ivunjwe. Lakini kituoni kuna simu ya mezani, na kuna redio inayofika juu ya kila mtambo. Kwa nini jamaa za mafundi wasipewe nambari ya kituo? Mtu akipiga kutoka nyumbani, aliye kituoni amwite fundi kwa redio, amwambie nani anamtafuta, na fundi aamue kama atashuka au atatuma jibu.

Garama alikuna kidevu. "Watu watapiga kwa mambo madogo madogo, Mwanarusi. Mbuzi kapotea. Chumvi imekwisha."

"Wapige," alisema.

Garama alikuwa amesikia habari za msiba, kama wote walivyosikia. Hakubishana. Alipeleka ombi kwa wakubwa wake, na kabla mwezi haujaisha likakubaliwa. Ikachapishwa fomu ya ukurasa mmoja, kila fundi aandike watu wake wa kuitwa na nambari zao, ili aliye kituoni ajue anazungumza na nani.

Mwanarusi aliibeba fomu yake alipokwenda Munje kwa hitma ya siku ya arubaini. Watu walisoma, wakala, wakatawanyika. Alasiri ilipotulia alibaki barazani na shangazi yake, fomu gotini, kalamu mkononi. Mwanatumu alikuwa hasomi, akataka aelezwe.

"Hii ni nambari ya huko kazini. Ukipiga, atapokea mtu wa ofisini. Umwambie jina langu, na yeye ataniita nikiwa juu."

"Nimwambie nina shida gani?"

"Shida yoyote."

"Na nikiwa sina shida?" Mwanatumu aliuliza. "Nikiwa nataka kukusikia tu?"

"Mwambie hivyohivyo, shangazi. Sema unataka kunisikia."

Mwanatumu aliitwaa fomu, akaiangalia ile mistari mitupu kama mtu anayeangalia kitambaa dukani, akairudisha. "Haya, niandike."

Mwanarusi aliandika Mwanatumu Suleiman, na nambari yake. Akaandika Swabir Boga, na nambari yake. Mstari wa tatu ulikuwa umeshachapishwa neno Baba, na mbele yake nafasi mbili, moja ya jina na moja ya simu. Nambari ya babake alikuwa nayo kichwani, tarakimu zote kumi. Swabir alikuwa ameshairudisha laini kwa kampuni ya simu.

Aliandika Boga Suleiman, kwa herufi safi, bila haraka. Nafasi ya pili akaiacha wazi. Halafu akakunja karatasi, akaingia ndani kumsaidia shangazi yake kuosha vyombo vya hitma.